Birika kwanza, soketi baadaye

Swali: Sista, assalaam alaykum. Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili Malindi, na mwezi uliopita tumerudi Lamu kukaa nyumba ya bibi yake mume wangu, mtaa wa Mkomani. Ni nyumba ya mawe ya zamani: ngazi zake zimesimama wima, jiko liko juu kabisa chini ya makuti, na choo kina birika, ile hodhi ya chokaa ya kuwekea maji. Nina mtoto wa miezi kumi na mmoja, ndiyo kwanza anasimama dede, na mwingine wa miaka minne asiyetulia. Tunakaa na mama mkwe, ana sukari na presha na macho yake si mazuri. Nimeagiza Mombasa vifuniko vya soketi, vipira vya pembe za meza na kufuli za makabati, nimebakiwa na elfu nne. Mume wangu anacheka, asema nyumba hii imelea watu miaka mia mbili na hakuna aliyedhurika. Je, nimeanza vizuri?

Jibu: Wa alaykum salaam dada, na karibu tena kwenu.

Nianze na ulivyonunua. Vifuniko vya soketi virudishe dukani kama watakubali. Soketi zetu za Kenya ni zile za Kiingereza, matundu matatu ya mstatili. Ndani ya yale mawili ya chini mna vizuizi vidogo ambavyo havifunguki mpaka pini ndefu ya juu iingie, kwa hiyo mtoto akichomeka kijiti tundu la chini hakifiki kwenye umeme. Kifuniko cha plastiki kisichokaa sawasawa kinaweza kuviharibu vizuizi hivyo. Pia mtoto anaweza kukibandua, akakichomeka kichwa chini miguu juu, na akaifungua mwenyewe njia uliyotaka kuiziba. Mwaka 2016 idara ya afya ya Uingereza, nchi ambako soketi hizi zilitoka, ilionya kwamba vifuniko hivyo visitumike katika majengo ya huduma za afya. Unachotakiwa kukiogopa ni ile ekstensheni ya bei rahisi inayopokea plagi za kila namna. Nyingi hazina kizuizi chochote, na aghalabu imelala sakafuni pale pale anapotambaa mtoto. Hiyo iinue au itupe.

Vipira vya pembe za meza viache, havidhuru. Kufuli moja ya kabati tutaitumia, nitakwambia wapi.

Sasa mume wako. Ni kweli nyumba imelea watu, ila waliodhurika hakuna aliyewaandika. Na nyumba hizi zamani zilikuwa na macho mengi: mashangazi, mayaya, wasichana wakubwa, jirani anayeingia kwa wikio, kile kivuko cha juu kinachounganisha nyumba mbili, bila hata kubisha mlango wa barabarani. Leo mko watu wazima watatu. Mmoja ametoka, yuko kazini kwake, mmoja haoni vizuri, na wa tatu ni wewe, una chungu jikoni na simu inalia. Ndiyo maana ukinisikia sikuhimizi “uwe mwangalifu” usishangae. Mama wote ninaowapokea hospitali na watoto walioumia walikuwa waangalifu. Dakika ya kutoangalia haikosi kuja, na kazi yetu ni kuipanga nyumba ili dakika hiyo ikifika mtoto aokoke.

Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye birika.

Mtoto anayesimama dede hushika ukingo wa kitu chochote anachokuta, na ukingo wa birika nyingi za Lamu uko usawa wa kifua chake. Kichwa chake ni kizito kuliko miguu, akiinama kuchezea maji anapinduka, na ndani hana pa kushika kwa sababu chokaa ile ina utelezi. Wala hapigi kelele. Watu husubiri kusikia maji yakirushwa na mtoto akilia, lakini mtoto mdogo huzama kimya, na dakika chache zinatosha. Hata maji ya vidole vitatu kwenye beseni la kufulia yanatosha, alimradi yafunike pua na mdomo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sisi watu wa visiwani tunaiogopa bahari, tunawakataza watoto wasikaribie gati, kumbe mtoto wa umri wa wako bahari hata haijui njia yake. Choo anakijua.

Mwite seremala, Lamu hawakosekani, akutengenezee kifuniko cha mbao cha vipande viwili. Kimoja kikae pale pale siku zote, cha pili kifunguke kwa bawaba mkitaka kuchota maji. Kiwe kizito kiasi cha kumshinda yule wa miaka minne, au kiwe na komeo. Mlango wa choo nao utiwe komeo la juu upande wa nje, lifungwe kila anayetoka anapotoka. Kazi hizi mbili zitakula zaidi ya nusu ya elfu nne yako, na usizionee huruma. Ndoo na mabeseni hayahitaji pesa: maji yakishatumika yamwagwe, na beseni ligeuzwe uso chini.

Kifuniko kina faida ya pili, nayo huenda ikamshinda mume wako kwenye mabishano. Mbu wa chikungunya na dengi hutaga katika maji yaliyohifadhiwa majumbani. Mwaka 2004, wakati wa ukame watu walipokuwa wakijaza kila chombo, chikungunya ililipuka hapa Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameambukizwa. Wazee walikuwa wakiweka samaki wadogo ndani ya birika wale viluwiluwi vya mbu. Kama mnao waacheni, watafanya kazi chini ya kifuniko.

Ikitokea mtoto ametolewa majini na hapumui, asining'inizwe miguu juu wala asibinywe tumbo kutoa maji. Huko ni kupoteza muda. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, inua kidevu kidogo, mpulizie pumzi tano kupitia mdomo na pua yake, kisha bonyeza katikati ya kifua mara thelathini kwa kasi, pumzi mbili, endelea hivyo huku mwingine akitafuta msaada. Hata akizinduka apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji huweza kuzidiwa baadaye.

Baada ya maji ni moto, na hapa nyumba yako ina jambo lake. Waliojenga jiko juu walijua walifanyalo, moshi unapanda na joto halikai ndani. Lakini chakula kinapikwa juu na kuliwa chini, maana yake kila jioni kuna mtu anashuka ngazi zile na sufuria ya mchuzi wa nazi au buli la chai, mtoto akimfuata miguuni. Kisha chakula kinatandazwa juu ya mkeka, usawa wa mikono ya mtoto. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtu mzima kwa sekunde tano hivi, na mtoto hangoji hata hizo. Chai iliyotoka motoni imepita hapo mbali, na uji ni mbaya zaidi kwa sababu unaganda kwenye ngozi.

Ningekuwa wewe ningewalisha watoto juu, mbali na jiko, kabla ya wakubwa. Kinachoshuka kishuke ndani ya hotpoti iliyofungwa au thamosi, na anayeshuka asiwe amebeba kingine. Buli lisiwekwe juu ya kitambaa kinachoning'inia, maana mtoto huvuta kitambaa. Saa mbaya ni ile ya magharibi, na Ramadhani ndiyo mbaya kupita zote: adhana imekaribia, kila mtu ana njaa, uji unamiminwa, sambusa ziko kwenye mafuta, na mtoto amesahauliwa. Mwezi huo mtoe mtu mmoja katika shughuli ya jikoni kuanzia alasiri, kazi yake iwe mtoto tu. Mama mkwe anaweza, akikaa naye chumba cha chini mlango umefungwa.

Chetezo nacho kina makaa, hata kama kinanukia udi. Kikishafukiza kisiachwe sakafuni, na nguo za kufukizwa zisiwe zile za nailoni nyepesi. Zikishika moto huyeyuka na kung'ang'ania mwilini.

Akiungua, maji ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini kwa kutazama saa. Mvue nguo na bangili kabla hajavimba, isipokuwa nguo iliyogandia ngozi. Hata kama saa moja au mbili zimepita bado maji yanasaidia, ila usimwache sehemu nyingine za mwili zikashika baridi. Hakuna samli, hakuna ute wa yai, hakuna asali, hakuna dawa ya meno. Najua mama mkwe atakuja na yake, na kwa heshima zote mwambie Sista amekataza. Tunalazimika kuyakwangua hayo kabla ya kuona kidonda, na mtoto anaumia mara mbili. Barafu pia usiweke. Baada ya maji funika kwa kitambaa safi na uende hospitali, hasa kama ni uso, mikono, sehemu za siri, au pameungua eneo kubwa kuliko kiganja chake.

Ile kufuli ya kabati sasa. Ifunge kwenye kabati moja refu, na humo uweke kila kitu kinachoua kikimezwa. Cha kwanza ni mafuta taa. Umeme ukikatika bado tunawasha taa, na mafuta tunayanunua dukani kwa chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Mafuta yakienda tumboni pekee shida si kubwa sana. Yakipenya mapafuni hata kidogo huunguza mapafu, na hupenya zaidi mtoto anapotapika. Kwa hivyo asitapishwe, asitiwe kidole kooni, wala asinyweshwe maziwa, ingawa nusu ya mtaa itakuja na kikombe cha maziwa. Mvue nguo zilizorowa, mwoshe, mpeleke hospitali hata kama anacheza. Akianza kukohoa au kuhema mbio ni dharura. Tukimwona mzima tunamkalisha tumwangalie kwa muda wa saa sita hivi ndipo tumruhusu. Nyumbani hamishia mafuta kwenye kidumu kilichotengenezwa kwa mafuta, chenye kifuniko kigumu, wala yasirudi kamwe kwenye chupa ya kinywaji. Jiki na dawa ya choo nazo zikae humo, na zisichanganywe wakati wa kusafisha. Zikikutana hutoa gesi inayokaba pumzi, na vyoo vyetu madirisha yake ni madogo.

Dawa za mama mkwe ndizo zinazonitia hofu kuliko mafuta. Wazee wetu hufunga vidonge kwenye pindo la leso au huviweka chini ya mto, na mjukuu hulala kwenye mto huo huo. Vipo vidonge vya sukari, glibenclamide ni kimojawapo, ambavyo kimoja tu kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo hadi akapoteza fahamu, na huenda isionekane mpaka saa kadhaa zipite. Ukishuku amemeza, usingoje dalili. Kama yuko macho mpe kitu kitamu, chukua pakiti ya dawa, uende naye. Vidonge vya damu vya wajawazito, vile vyekundu vinavyong'aa kama peremende, navyo ni sumu kali kwa mtoto akivila vingi, na karibu kila nyumba vipo vilivyobaki. Muhesabie mama mkwe dawa za siku asubuhi, umpe mkononi, zilizobaki zirudi kabatini.

Na kama kuna mtu nyumbani anayepaka maharusi, piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwilini, pia iingie kabatini. Ile poda nyeusi ikimezwa huvimbisha shingo na koo mpaka hewa haipiti, na hushambulia figo.

Ngazi. Kwa mtoto, weka kigeti cha mbao juu na kingine chini, seremala yule yule anaweza kuvifanya kwa mabaki ya kazi ya birika. Nafasi kati ya fito isipitishe kichwa cha mtoto, na zisimame wima, za kulala zinakuwa ngazi ya kupandia. Huko juu darini angalia ukingo wa ukuta. Kama ni wa chini kuliko kifua chako, na viti au masanduku yako karibu nao, yule wa miaka minne atafika juu siku moja akifuata paka au kishada. Ondoa vya kupandia kwanza, ukuta uinuliwe baadaye mkipata pesa.

Kwa mama mkwe, ukuta wa ngazi hauna pa kushika, na vipandio havilingani, kimoja kirefu kimoja kifupi. Pigeni kamba nene ya katani ukutani kutoka juu hadi chini, ifungwe kwenye pete za chuma, apate cha kukamata. Chokaa nyeupe ukingoni mwa kila kipandio humsaidia mwenye macho hafifu kuliko unavyodhani. Lakini la maana zaidi ni alale ghorofa ile ile yenye choo. Mwenye sukari huamka kukojoa mara nyingi usiku, na dawa za presha humtia kizunguzungu akisimama ghafla. Akae ukingoni mwa kitanda kwanza, ahesabu pumzi kumi, ndipo ainuke. Taa ndogo iwake njiani usiku kucha. Na zile kandambili zilizolika nyayo umnunulie mpya, za zamani uzitupe bila kumwuliza.

Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na nyaya za zamani ndani yake huoza. Swichi ikikurusha kidogo ukiigusa na mikono mibichi, usiizoee. Fundi mwenye leseni aweke ile breka ya kukata umeme yenyewe unapovuja, ya miliampea 30. Ni gharama ya mume wako, si ya elfu nne zako.

Kuhusu jiko lenyewe: gesi hapo juu iko mahali pazuri, kwa sababu ni nzito kuliko hewa, hushuka na kupeperushwa. Msiuteremshe mtungi kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. Kila mkibadilisha mtungi pakeni povu la sabuni kwenye kichwa na kwenye mpira. Likifura viputo, gesi inavuja, na msijaribu kwa kiberiti. Mkisikia harufu, fungeni mtungi, fungueni milango, msiguse swichi ya taa. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kulala nalo wakati wa kusi na mvua. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayoua, kwa hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu wakiamka na kichwa kinawagonga na kichefuchefu hudhani ni malaria.

Juu ya jiko pigilia kipande cha bati kati ya moto na makuti. Weka ndoo mbili za mchanga hapo hapo. Mafuta ya kukaanga yakishika moto yafunike kwa sinia, usimwage maji. Dawa ya mbu ya kuchoma isiwekwe karibu na chandarua wala godoro la sponji. Wakati wa kaskazi makuti yamekauka na upepo haupumziki, moto ukishika paa hausubiri mtu, na mitaa yetu gari la zimamoto halipiti. Ukiona umefika kwenye makuti acha mchanga, shuka na watu wako. Kwa hiyo usiku ufunguo wa mlango wa chini usikae mfukoni mwa mume. Upigilieni msumari karibu na mlango, juu ya mkono wa mtoto, uning'inizwe hapo kila usiku, na mama mkwe afundishwe kuupapasa gizani. Na kama wikio lenu bado liko wazi, ongeeni na jirani msilijaze masanduku upande wowote.